Mazingatio katika Harufu ya Chonga

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa kwamba harufu ni lugha. Aingiaye nyumba zetu jioni hujua kabla ya kuambiwa iwapo ndani mna arusi au mna msiba, iwapo mna mzazi aliyejifungua juzi au mna mgonjwa wa siku nyingi. Udi una maneno yake, na mafuta ya karafuu anayosuguliwa mzee magotini yana maneno yake. Mama zetu walipotunga vikuba vya asumini na mrehani walikuwa wakisema jambo ambalo ulimi ungeona haya kulisema.

Basi leo nataka tuzungumze khabari ya kiumbe ambaye kwake harufu ndiyo barua, ndiyo mshenga, na ndiyo inayomwonyesha njia gizani. Naye ni chonga, yule mbawakawa mwenye pembe alaye minazi. Nakuomba usinicheke ukasema, "Maalim amezeeka, ameacha vitabu anafuata wadudu." Khabari hii inahusu mnazi, na linalohusu mnazi linahusu chungu chako. Tena, ukinivumilia mpaka mwisho, utaona inahusu pia mlango wako siku atakapokuja mtu kumposa binti yako.

Kwa wasiomjua, nao si wengi huku kwetu, chonga ni mbawakawa mnene, mweusi wa kuelekea kahawia, urefu wake hufika sentimita 4 na zaidi. Wataalamu humwita Oryctes monoceros. Kichwani ana pembe moja kama ya kifaru, na ya dume huwa ndefu kuliko ya jike. Mchana hujificha, usiku huruka. Huingia katika kilele cha mnazi, akatoboa makuti machanga yaliyo bado kufunguka, akafyonza utomvu wake. Hapo huoni kitu. Lakini kuti likija kufunguka baadaye, utaliona limekatika pembetatu pande zote mbili, mfano wa kitambaa kilichokunjwa kikatiwa mkasi kisha kikakunjuliwa. Na pindi chonga akifika kwenye moyo wenyewe wa mnazi, mnazi hufa, khasa ukiwa mchanga. Mnazi hauna matawi mengine ya kutegemea. Una kilele kimoja tu, na kikifa hicho hakichipui kingine.

Mimi ni mwangalizi wa shamba dogo la wakfu, minazi isiyofika mia, iliyoachwa na bibi mmoja mwema kwa ajili ya chuo chetu. Mapato yake ndiyo yanunuayo mikeka na misahafu, yalipayo maji na umeme, na kinachobaki huwavisha wanafunzi mayatima siku ya Idi. Hivyo kwangu mimi kuti lililokatwa si jambo la kutazamwa na kupitwa. Ni kanzu ya yatima inayopungua upindo. Wakwezi wetu tangu zamani hupanda na waya uliopindwa ncha kama ndoana, wakauingiza katika tundu wakamtoa chonga mmoja mmoja; na wengine hutia mchanga uliochanganywa na chumvi katika makwapa ya makuti. Njia hizi ni nzuri, walakini humkuta chonga akiwa amekwisha kula.

Swali lililonishughulisha miaka mingi ni hili: usiku ni giza, shamba ni kubwa, na mdudu ni mdogo. Dume yupo kwenye mnazi wa upande huu, jike yupo ng'ambo ya mkondo. Nani huwajulisha?

Jibu walilipata wataalamu kwa taabu kubwa, na halikuanzia kwa mbawakawa bali kwa nondo wa hariri. Mwaka 1959 mtaalamu wa Kijerumani, Adolf Butenandt, alitangaza kwamba yeye na wenziwe wameipata ile kemikali ambayo nondo jike huitoa kumwita dume. Kazi ile iliwachukua karibu miaka 20, na walitumia tezi za nondo majike wapatao 500,000 ili wapate miligramu chache tu. Mwaka huo huo Peter Karlson na Martin Lüscher walizipa kemikali za namna hii jina la feromoni, walilolitunga kutokana na maneno mawili ya Kiyunani, moja la kubeba na moja la kusisimua. Yaani ni kitu kitokacho katika mwili wa kiumbe mmoja, kikabebwa na upepo au kikaachwa mahali, na kikamgeuza hali kiumbe mwingine wa jinsi yake.

Kwa mbawakawa mlango ulifunguka mwaka 1966, wakati Silverstein, Rodin na Wood walipochunguza mbawakawa watobozi wa misunobari huko California. Walikuta mwito wao si kemikali moja bali ni tatu zilizochanganyika, na nguvu ya mwito ilikuwa katika mchanganyiko. Mpishi wa pilau hatashangaa kusikia hayo. Bizari peke yake si pilau, wala mdalasini peke yake si pilau.

Ama chonga wetu, siri yake ilichapishwa mwaka 1994 na wataalamu waliomchunguza Afrika ya Magharibi, katika nchi ya Kodivaa. Ilidhihirika kwamba mwitaji ni dume, na kwamba kemikali kubwa katika mwito wake inaitwa ethili 4-methiloktanoeti. Mwaka uliofuata, 1995, ikachapishwa khabari ya binamu yake wa Asia, Oryctes rhinoceros, kuwa naye hutumia kemikali hiyo hiyo. Na yule binamu ni msafiri wa khatari: mwaka 2007 alionekana Guam, na mwaka 2013 akaonekana Hawaii, na kila alipofika minazi ililia.

Sasa tazama jinsi kazi inavyokwenda. Harufu itokayo kwa dume haienei hewani kama maji katika beseni. Huenda na upepo kwa nyuzi nyuzi, kama moshi wa udi utokao chetezoni, hapa upo na hapa haupo. Mbawakawa wa jamaa ya chonga ana vipapasio viwili kichwani, na ncha ya kila kipapasio ina vibamba vyembamba vinavyofunguka kama kurasa za juzuu. Juu ya vibamba hivyo mna vinyweleo visivyoonekana kwa jicho, na vinyweleo vina vitundu. Chembe ya harufu huingia kitunduni, hupokewa na protini inayoichukua katika majimaji yaliyo ndani, hupelekwa mpaka kwenye mshipa wa fahamu, na pale hukuta pahala palipoumbwa kwa umbo lake, kama ufunguo na kufuli. Kufuli likikubali, khabari hufika ubongoni, na mdudu aliyekuwa ametulia huamka. Wadudu wengi wakishaipata harufu hugeukia upepo unakotoka wakaruka kuuelekea. Wakiipoteza huyumba kushoto na kulia mpaka waipate tena. Hivyo ndivyo aliye mdogo kuliko kidole chako apatavyo njia usiku bila ya taa.

Na hapa pana jambo moja la kuzingatia. Mwito wa chonga si barua ya siri kwa jike peke yake. Wanaouitikia ni majike na madume pia. Ni mfano wa mbiu ya mgambo. Tena wataalamu walipotundika feromoni hii katika mitego waliona kwamba ikiwekwa pamoja na mabaki ya mchikichi au mnazi yaliyooza, wanaokuja huwa wengi zaidi. Kwa nini? Kwa sababu chonga hataga mayai yake katika mnazi ulio hai. Hutaga katika magogo yaliyooza na katika marundo ya samadi, na humo ndimo mabuu yake meupe, manene, yaliyojikunja, hula na kukua. Jike anaposikia mwito huambatanisha na harufu ya mahali pa kulelea watoto. Hata mdudu, ndugu yangu, hatosheki na "njoo" peke yake, huuliza pia, "Nije wapi, na watoto watalala wapi?"

Ukitaka kujua jinsi mwito huu ulivyo wa hesabu kali, sikiliza khabari ya mbawakawa wa Kijapani. Huyu alionekana New Jersey, Marekani, mwaka 1916, akaenea na kuharibu bustani na mashamba. Kwake yeye mwitaji ni jike. Mwaka 1977 wataalamu waliitambua kemikali yake, na wakagundua jambo la ajabu. Kemikali ile inaweza kuwa na sura mbili, zilizo sawa kwa kila kitu ila moja ni kama mkono wa kulia na nyingine ni kama mkono wa kushoto. Sura moja humwita dume. Nyingine ikichanganyika nayo, hata kidogo tu, dume hasogei. Kisha mwaka 1996 ikabainika kwamba mbawakawa mwingine wa huko huko Japani, jamaa yake wa karibu, hutumia ile sura ya pili kuwa ndiyo mwito wake. Basi kila mmoja humsikia wa kwake, na kinachomvuta huyu ndicho kinachomzuia yule. Sisi waalimu tunajua khabari za herufi zinazoshabihiana. Nukta moja ikizidi au ikipungua, neno limegeuka.

Lakini harufu ya mbali siyo yote. Katika mbawakawa wa pembe ndefu, wale ambao vipapasio vyao hupita urefu wa mwili, wako ambao dume hata akikutana na jike uso kwa uso hamtambui mpaka amguse kwa kipapasio. Ngozi ya jike ina nta nyembamba, na katika nta hiyo mna kemikali zisizoruka hewani, za kuguswa tu. Wataalamu walimchukua jike aliyekufa wakamwosha nta ile, dume akampita kama aliyepita jiwe. Wakamrudishia nta yake, dume akasimama. Yaani kuna salamu ya mbali na kuna salamu ya karibu, na ya mbali haikidhi ya karibu.

Wako wengine ambao ukiwasikia utasema wana adabu. Wakulima wa mahindi wanamjua dumuzi, yule mbawakawa mdogo atobowaye mahindi na makopa ghalani mpaka yakawa unga. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, naye aliingia Tanzania upande wa Tabora katika miaka ya mwisho ya 1970 au mwanzo wa 1980, na kwa ukali wake wakulima wakamwita Scania, kwa jina la lori. Dume wa dumuzi akipata chakula kizuri hutoa harufu ya kuita, na majike na madume huja. Lakini akishafikiwa na jike, hupunguza mwito wake mno, au hunyamaza. Amepata aliyekuwa akimtafuta, ya nini tena kupiga kelele? Nimewahi kuwasomea vijana khabari hii katika darsa, na nikawaacha waliooa wajitazame wenyewe.

Na dumuzi anayo sababu nyingine ya kunyamaza. Kuna mbawakawa mwingine, naye pia wa kutoka huko huko Amerika, ambaye chakula chake ni dumuzi na mabuu yake. Huyu ameijua ile harufu. Dumuzi anapomwita mke, adui naye husikia, akafuata upepo ule ule mpaka mlangoni. Wataalamu walipolijua hilo walimleta adui huyo Afrika kwa makusudi, wakamwachilia Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992, apunguze madhara ya dumuzi. Basi asemaye hadharani ajue kwamba hadhara haina mlinzi wa mlango. Maneno yako ya harusini humfikia aliyealikwa na asiyealikwa.

Nimeliweka la mwisho lile lililonigusa zaidi. Huko Marekani yuko mbawakawa mwembamba aitwaye Neopyrochroa flabellata. Dume wake ana mfuo katika paji la uso. Anapomjia jike, jike huweka mdomo wake katika mfuo ule akaonja. Anachotafuta ni sumu iitwayo kantharidini, ambayo wadudu wengine huiona chungu wakaikimbia. Jike akiionja, hukubali. Asipoionja, aghlabu hukataa. Thomas Eisner na wenziwe walieleza sababu yake mwaka 1996: ile aliyoionja jike pajini ni kionjo tu. Dume aliyekula kantharidini huwa ameweka akiba kubwa mwilini, na wakati wa kupandana humpa jike akiba hiyo, na jike huitia katika mayai. Mayai yenye sumu hiyo, mabuu ya wadudu walao mayai huyaacha. Alhasil ni mahari, na mahari yenyewe yanakwenda kuwalinda watoto kabla hawajazaliwa.

Wataalamu wale wakafanya jaribio lingine. Walichukua dume asiyepewa kantharidini kabisa, ambaye tumboni hana kitu, wakamtia kidogo katika mfuo wa paji. Jike akaonja, akakubali. Maskini, alipokea ahadi isiyokuwa na hazina nyuma yake. Harufu na ladha vilikuwa sawasawa; uongo ulikuwa katika ghala.

Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka baba mmoja aliyenijia, jina lake nalihifadhi. Binti yake alikuwa ameposwa, naye alikuwa na furaha iliyochanganyika na wasiwasi.

"Maalim," akaniambia, "kijana ni mtu. Kanzu yake darizi tupu. Akipita ukumbini nyumba inabaki inanukia mpaka magharibi."

Nikamwambia, "Bwana, kunukia ni jambo jema, na Waislamu tumehimizwa. Lakini hiyo ni khabari ya ukumbini. Umekwisha kwenda kwao ukamsikia anavyosema na mamake? Umemwuliza mwenye duka analonunua kwa mkopo?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Naona haya kuuliza, maalim. Atasema namchunguza."

"Mwenye hazina haogopi kuonjwa," nikamwambia. "Nenda ukaulize kwa heshima. Kisha, kabla ya yote na baada ya yote, muulize binti yako mwenyewe."

Alikwenda. Lile duka ambalo kijana alisema ni lake, lilikuwa la mtu mwingine. Na ile gari ilikuwa ya kuazima, na madeni yalikuwa yake. Binti alipoulizwa alisema la, wala hakulia. Siku nyingi baadaye aliolewa na fundi seremala asiyekuwa na marashi ila ya vumbi la mbao, na mpaka leo wanaishi kwa salama. Sisemi haya ili vijana waache kujitia uturi. Nasema harufu ni haki yake kuwa ni dalili ya kilichomo, na ikiwa ni ya kuazima huwa ni deni analolipa mtu mwingine.

Hapa huenda mtu akauliza: je, na binadamu wana feromoni? Maana wapo wauzao vichupa wakisema kwamba tone moja litamleta mume aliyetoka au litamnasa mwanamke asiyetaka. Jawabu ni kwamba mpaka leo hakuna kemikali yoyote iliyothibitishwa na wataalamu kuwa ni feromoni ya kuwaita wanaume na wanawake. Pua zetu hupokea mengi, na harufu ya mtu tumpendaye hututuliza. Lakini kufuli la moyo wa binadamu halina ufunguo wa chupani. Usitoe fedha yako kwa jambo hilo. Tena lau lingekuwepo, lingekuwa msiba, kwa sababu tungepoteza lile ambalo mbawakawa hakupewa: kusikia mwito, tukaufikiri, na tukasema la. Kwa chonga, kufuli likikubali mbawa hufunguka. Kwa yule binti, harufu ilijaza ukumbi mzima, naye alikaa pale pale akafikiri. Katika nafasi hiyo ndogo, baina ya kusikia na kufuata, ndimo ilimo heshima yetu yote, na ndimo tutakamoulizwa.

Sasa turudi shambani. Mwanafunzi wangu wa zamani, aliyesomea kilimo, alinijia na ndoo yenye tundu chini za kutolea maji ya mvua, juu yake mabawa mawili ya bati yaliyopachikwa msalaba, na katikati kifuko kidogo kinachotoa ile harufu ya chonga dume. Chonga hufuata mwito, hujigonga kwenye bati, huanguka ndooni, na kutoka hawezi. Asubuhi ya kwanza tulimkuta mmoja. Ya pili watatu.

Khabari ilifika barazani, na mzee mmoja, mtu mcha Mungu, akasema, "Sheikh, huu si ulaghai? Unamwita kiumbe kwa sauti ya mwenziwe, kumbe ni kifo."

Swali lake halikuwa la upuuzi, na sikulicheka. Nilimjibu kwamba ulaghai uliokatazwa ni ule wa kuvunja amana baina ya watu, na mdudu aharibuye mali ya yatima kumzuia ni wajibu wa aliyepewa mali hiyo ailinde. Hata hivyo swali lake lilitufunza adabu moja. Tuliamua ndoo itazamwe kila asubuhi kabla ya jua kupanda, na chonga waliomo wauawe mara moja, wasiachwe wakaungua siku nzima katika bati. Kuua kwa haja ni jambo moja, na kutesa ni jambo jingine, hata kwa mwenye pembe.

Lakini yule kijana wangu alinionya kwa jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Mtego huita, na si kila aliyeitwa hutumbukia. Ukiutundika karibu na minazi michanga, waliokosa ndoo watakula minazi. Basi tukauweka mbali nayo. Na akanionya tena: "Maalim, utashika chonga mpaka uchoke ikiwa kiwanda chao hujakifunga. Wanazaliwa wapi?"

Tulipotafuta, tukaona. Kiungani mwa jirani yetu, mama mmoja mjane, mlikuwa na magogo matano ya minazi iliyoanguka, yamelala yakioza misimu miwili ya mvua. Watu barazani walikuwa wamekwisha kuanza maneno. Mmoja akasema tumshitaki kwa mzee wa mtaa. Nikawauliza, "Mama yule ana shoka?" Hawakujibu. "Ana mwana wa kiume?" Hawakujibu pia. Wanawe wako mbali, na aliyekuwa akimshikia shoka amekwisha kuzikwa, na sisi tulimzika.

Alkhamisi iliyofuata, siku ambayo chuo hufungwa, wanafunzi wakubwa kumi na wawili walikwenda na mashoka na mapanga. Wakapasua magogo yale, wakatoa mabuu kwa mikono, na kuku wa mama yule wakapata karamu ambayo hawajaiona tangu kuanguliwa. Mbao zilizofaa kuni zikaanikwa, zisizofaa zikachomwa. Mama yule alipika mahamri na mbaazi, akakataa katakata wasile. Alisema jambo moja ambalo vijana walirudi nalo kimya: kwamba magogo yale alikuwa akiyaona kila siku, na haya zilimzuia kuomba.

Basi chonga aliyekula minazi ya mayatima hakuzaliwa katika minazi yao. Alizaliwa katika upweke wa jirani yao. Tulikuwa tukimlaumu mdudu kwa kufuata alichoumbiwa, hali ya kuwa sisi tulipita mbele ya mlango ule asubuhi na jioni, na hapakuwa na harufu ya kutuita, wala kwetu hakuhitajiki harufu. Palihitajika mtu kusimama na kuuliza hali.

Makuti mapya ya shamba la wakfu sasa mengi yanafunguka mazima. Si yote, chonga bado yupo na atakuwepo, na wakwezi wetu hawajatupa waya zao. Ndoo inatazamwa kila asubuhi, na kifuko hubadilishwa kinapokwisha.

Nawe ndugu msomaji, ukiwa na minazi yako, anza na magogo na rundo la samadi kabla hujaanza na dawa na mitego. Ukiona mkono wako haufiki, mwambie mwenzio. Na ukiona gogo kwa jirani, usianze kwa kuuliza ni la nani, anza kwa kuuliza shoka liko wapi. Na siku ukijiwa na posa inayonukia vizuri, mshukuru mwenye kuileta, mkaribishe kahawa, kisha uulize kwa upole kilicho nyuma ya paji la uso. Wabillahi ttaufiq.